Jirani kaniletea mseto nusu pakiti: kwa nini akina mama huku hawamalizi dozi?

#1 Mwalimu Mgeni
Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka wa pili nafundisha kijiji kimoja bonde la Kilombero, upande wa Mlimba. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka minne alichemka usiku. Hata hakujapambazuka, jirani yetu, mama mmoja mwema kupita kiasi, akagonga mlango. Mkononi ana kipande cha gazeti kimekunjwa. Ndani yake vidonge vitatu vya mseto, ile dawa ya malaria, bado viko kwenye karatasi yake ya njano. "Mwalimu, mpe hivi kwanza, kukikucha utampeleka."

Mwanawe yeye alipimwa zahanati wiki mbili nyuma, akakutwa na malaria, akapewa dozi bure. Akampa siku moja na nusu, mtoto akaanza kukimbiza kuku, akaacha. Vilivyobaki akavihifadhi.

Nikawasimulia walimu wenzangu wazawa, wakanicheka mimi. Wanasema ingia nyumba yoyote hapa utakuta vidonge vimechomekwa kwenye makuti au vimefungwa kwenye pindo la kanga.

Kinachonisumbua ni kwamba huyu mama ANAJUA. Alinitajia mwenyewe bila kusita: asubuhi na jioni, siku tatu. Dawa hakununua, na mtoto ni wake wa kumzaa. Basi kwa nini hamalizi? Msiniambie ni ujinga, hiyo nimeshaikataa. Nawasilisha.

#2 Kibuyu Kitupu
Kwanza sema: ulimpa mtoto au hukumpa? Usituzungushe.

#3 Mwalimu Mgeni
Sikumpa. Nilipokea, nikashukuru, nikaviweka juu ya kabati. Asubuhi tukaenda kupima, malaria hana, ni koo. Vidonge bado viko kabatini, na mimi sijui niviweke wapi.

#4 Nesi Mstaafu
Ulifanya vema, mwanangu. Pakiti ya njano ni ya mtoto wa kilo 5 mpaka kabla hajafika 15: kidonge kimoja kwa mara, mara sita, basi. Wa kwako kwa miaka minne huenda ameshavuka kilo 15, huyo ni wa bluu, viwili kwa mara, jumla 12. Vile vitatu vya jirani kwa mwanao ni dozi ya mara moja na nusu. Hata kama angekuwa nayo usingemponya.

Sasa kwenye swali lako. Ndani ya kidonge kile mna dawa mbili, ndiyo maana ya mseto. Artemeta na lumefantrini. Akina mama nilikuwa nawaambia hivi: artemeta ni panga, lumefantrini ni jembe. Panga linafyeka haraka, ndani ya siku moja au mbili joto limeshuka na mtoto anadai uji. Lakini panga halikai mwilini, linatoka upesi. Anayebaki nyuma kung'oa mizizi ni lumefantrini, na yeye anahitaji zile siku tatu zote ajikusanye vya kutosha. Mama anaona shamba limekuwa jeupe, anasema kazi imekwisha.

Kwa hiyo jibu langu: wanaacha kwa sababu dawa inafanya kazi vizuri mno mwanzoni. Klorokwini nayo ilikuwa hivyo hivyo.

#5 Mlinda Kweleakwelea
Nakazia #4. Mimi mwenyewe mtu mzima na vidonge vyangu 24, siku ya pili nikisikia njaa naona nimepona. Vinne kwa mpigo si mchezo.

#6 Kibuyu Kitupu
Wewe hata panadoli humalizi, usijilinganishe na watoto.

#7 Kliniki Kila Siku
Mimi ni mhudumu, sitasema wapi. Naomba niongeze jambo ambalo halimo kwenye mabango.

Dozi ya pili ya mseto haingoji jioni. Inatakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, halafu zinazofuata ndiyo kila baada ya saa kumi na mbili. Sasa mwambie mama kwa Kiswahili: "Umpe nyingine baada ya saa nane." Huyu mama kampa ya kwanza hapo kituoni saa tano asubuhi. Anasikia nini? Anasikia SAA NANE. Anafika nyumbani, saa ya simu inasoma saa nane mchana, anampa. Saa tatu tu zimepita! Mtoto anatapika, mama anaogopa, dozi inaishia hapo.

Mwingine alielewa saa nane usiku. Akakesha maskini, akamwamsha mtoto usiku wa manane, mtoto akagoma, baba akafoka. Kesho yake hakurudia.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, si mara moja. Nikajizoeza kusema "masaa manane" ili watofautishe.

#8 Mlezi wa Lugha
Samahani kwa kuchepusha mada. "Masaa" si Kiswahili sanifu. Saa haina umoja na wingi tofauti: saa moja, saa nane. Mtaalamu wa afya anapaswa kuwa mfano.

#9 Baba Watatu
Mkuu #8, hiyo sanifu yako ndiyo imemtapisha mtoto wa watu. Soma tena #7 taratibu.

#10 Mlezi wa Lugha
Nimesoma. Angeweza kusema "zikipita saa nane tangu sasa". Lugha inajitosheleza.

#11 Nesi Mstaafu
Mngekuwa na foleni ya akina mama 60 msingebishana. Mimi sikutaja saa kabisa. Nilikuwa nauliza: watoto wa shule wanapita kwako jua likiwa wapi? Kuku wanaingia bandani wakati gani? Basi kuku wakiingia, mpe. Hakuna aliyekosea kuku.

#12 Kibuyu Kitupu
"Kutwa mara mbili, kuku wakitoka na kuku wakiingia." Hii iandikwe kwenye bahasha.

#13 Kliniki Kila Siku
Umegusa bahasha. Ile pakiti ina picha: jua, mwezi, mtoto, mama na kijiko. Imetengenezwa ili asiyesoma aelewe. Lakini pakiti za njano zikiisha tunakata za kijani, za watu wazima, tunamtilia mama vidonge kwenye bahasha ya kaki na kuandika 1 x 2. Basi. Picha zote zimebaki kwenye boksi letu. Halafu tunasema mama hakufuata maelekezo.

#14 Mjukuu wa Bwagamoyo
Mnazungumza kama vile kila homa inakwenda zahanati. Nyumbani kwetu Bagamoyo homa ya kawaida ilikuwa ya hospitali, sawa. Lakini mtoto akikakamaa, macho yakageuka juu, hiyo si malaria tena. Hiyo ni degedege, na degedege ina wenyewe. Bibi yangu alikuwa anafukizia kinyesi cha tembo. Na mkizungumza sindano mbele yake anakuzuia mlangoni: mwenye degedege akichomwa sindano anakufa.

Simcheki bibi. Aliwaona kwa macho yake watoto waliopelekwa wakiwa wameshachelewa, wakachomwa, wakafa. Angefikiri nini?

#15 Mtu wa Maabara
#14 umesema kweli tupu. Watoto wengi wa namna hiyo ni malaria iliyofika kwenye ubongo, na wengine ni homa kali tu inayoleta mtukutiko. Wakati wa kufukiza ndio wakati wa kukimbia. Siku hizi malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesuneti, kwinini ya dripu imewekwa pembeni. Ila wengi hawajui hili: baada ya zile sindano za saa 24 za mwanzo, mtoto akishaweza kumeza LAZIMA amalizie na mseto siku tatu kamili. Akina mama wanaruhusiwa, mtoto anacheka, na sindano ndiyo wanayoiamini. Ile pakiti wanaiona kama nyongeza ya kumfurahisha daktari.

#16 Mwana wa Kojani
Poleni nyinyi wa bara. Sie huku visiwani malaria tumeshaisahau, iko chini ya asilimia moja. Na mkitaja mseto muwe mnafafanua. Mseto wetu Zanzibar tangu 2003 ni artesuneti na amodiakwini, si huo wenu.

#17 Mtu wa Maabara
Kweli kabisa, dawa ni tofauti. Ila hamjaisahau, inawajia na boti. Wasafiri kutoka bara ndio wagonjwa wenu wengi.

#18 Mluhya wa Busia
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi Kenya tulianza kupewa dawa ya mseto 2006, tukapata serikali ya mseto 2008. Ni moja tu kati ya hizo mbili iliyowahi kumaliza dozi.

#19 Kibuyu Kitupu
😂😂 Huyu apewe uzi wake.

#20 Muuza Dawa Kona
Nilikuwa nasoma kimya. Nina duka la dawa muhimu, haya maduka yaliyoanzia Ruvuma 2003. Ngoja niwaambie ya upande wangu, na mnitukane mkipenda.

Saa mbili usiku mama anaingia, mtoto mgongoni anawaka. Zahanati imefungwa, au ameenda mchana akaambiwa dawa hakuna, atanunue. Mkononi ana pesa haitoshi. Anasema "nikatie nusu, kesho baba yake akirudi nitachukua iliyobaki." Nikikataa, anakwenda genge la mbele kununua panadoli mbili na kulala. Nikikubali, nimevunja sheria na nimemharibia mtoto. Kesho baba yake akirudi mtoto ameshapoa, hakuna anayekuja kuchukua iliyobaki.

Sisemi nimewahi kukata. Sisemi sijawahi.

Mnakumbuka zile pakiti zenye jani la kijani, kama 2011 hivi? Ruzuku ilishusha bei, mama alikuwa anaweza kuchukua dozi nzima bila kuomba punguzo. Kipindi kile mkasi ulikaa kwenye droo.

#21 Mama Pacha
Baba wa duka, asante kwa ukweli. Mimi ni mama na nimelelewa Mang'ula, naona mnatujadili kama mbuzi wa mnada.

Kwangu mimi ilikuwa chakula. Nesi aliniambia, "Dawa hii inataka mafuta, mpe na maziwa au chakula chenye mafuta." Ni kweli, hajakosea. Lakini Machi ile, mpunga wa mwaka jana umekwisha na mpya haujakomaa, nyumbani ni ugali na mlenda wa maji. Maziwa ya nani? Nikajiambia nikimpa bila mafuta itamdhuru. Nikasubiri nipate hata karanga. Nilipozipata dozi mbili zilishapita, na nilikuwa na watoto wawili wanaoumwa pamoja, sikumbuki tena nani kapata ngapi.

Hakuna mtu aliyeniuliza nina mafuta nyumbani au sina.

#22 Nesi Mstaafu
Mama Pacha, pole sana. Hilo ni kosa letu. Mafuta yanasaidia lumefantrini kuingia mwilini, lakini yanayotakiwa ni kidogo mno. Anayenyonya, maziwa yako yanatosha. Mkubwa kidogo, karanga chache au nazi kidogo kwenye uji. Na ukikosa kabisa, mpe hivyo hivyo, usiruke dozi. Nilipaswa kusema hivyo kwa kila mama, na si kweli kwamba nilisema kwa kila mama.

#23 Baba Watatu
Kichwa cha uzi kinasema "akina mama". Mbona hamuulizi baba? Pesa ya bodaboda ninayo mimi, simu ninayo mimi. Mke wangu akitaka kumpeleka mtoto lazima anitafute, na mara nyingine niko vilabuni sishiki simu, nakiri.

Halafu kuna hili. Mwanangu wa pili alitapika kidonge dakika kumi baada ya kumeza. Wameandika akitapika kabla ya nusu saa arudiwe. Tukarudia. Pakiti ina vidonge sita KAMILI. Ukirudia kimoja, siku ya tatu jioni huna. Tungerudi kuomba kimoja? Kwenda na kurudi boda elfu kumi kwa ajili ya kidonge kimoja? Mimi ndiye niliyesema basi, inatosha, amepona. Mke wangu alitaka kurudi. Kwenye daftari ikiandikwa itasomeka "mama hakumaliza dozi".

#24 Kliniki Kila Siku
#23 ndiyo maana dozi ya kwanza inatakiwa imezwe pale pale kituoni, mama akae nusu saa. Akitapika tunarudia kwa dawa ya kituo, pakiti yake inabaki salama. Maji ya kunywa na kikombe safi vinatakiwa viwepo. Vikombe... tuache.

Na kwa wajawazito ni hadithi hiyo hiyo. SP, dawa nyingine ya malaria, wanapewa kama kinga, vidonge vitatu kwa mara, wameze mbele yetu, kila mwezi kuanzia mimba ikitimiza miezi mitatu na kuendelea, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Wapo wanaovificha shavuni wakavitema nyuma ya choo. Ukiwauliza: nimekuja bila kula tangu alfajiri, nikimeza hivi natapika njiani.

#25 Tabora Asali
Mimi nasema mnazunguka tu. Watu hawaiamini dawa. Klorokwini walituambia ndiyo dawa, ikatolewa. SP wakatuambia ndiyo dawa, watu wakaogopa kubabuka ngozi. Kisha mseto mwaka 2001. Sasa hivi nasikia na wenyewe una usugu. Mama aliyezaa watoto sita ameona dawa tatu. Kwa nini ammalizie mtoto kitu ambacho kesho kitatangazwa hakifai? Huku kwetu Tabora mwaka 2022 zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alipopimwa alikuwa na vimelea, na nchi nzima ilikuwa asilimia 8. Tunaumwa sana, na tunaona mengi.

#26 Nesi Mstaafu
Rekebisho dogo: 2001 ilitolewa klorokwini ikaingia SP. Mseto ulianza mwishoni mwa 2006. Nakumbuka kwa sababu tulipewa semina na mimi nilikuwa na mimba ya mwisho.

Mengine uliyosema sina la kupinga. Klorokwini watu waliipenda hata na muwasho wake, ilishusha joto upesi. SP haishushi joto, kwa hiyo mama alihisi amepewa chaki.

#27 Mtu wa Maabara
Na kuhusu usugu tusitishane. Rwanda, na kwetu Kagera, wameonekana vimelea vyenye mabadiliko, vinachelewa kuondoka kwenye damu. Ni jambo zito. Lakini si sawa na kusema mseto umekufa. Mwenzake lumefantrini bado anafanya kazi. Kinachowapa vimelea nafasi ya kujifunza ni hizi hizi nusu dozi za mwalimu kabatini.

Kuna jingine linaloua imani, na ni letu sisi wa maabara. Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini yake. Mdudu akishakufa protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa. Mama amemaliza dozi yote, mtoto anapata mafua wiki ya pili, anapimwa kwa kipimo kile kile, mistari miwili. "Bado anayo." Mama anajua alimpa vyote sita. Anaondoka na neno moja: dawa feki. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa aangaliwe kwa darubini, lakini zahanati ngapi zina darubini na umeme?

#28 Mlinda Kweleakwelea
Hii ya protini sikuijua. Mke wangu aliambiwa hivyo hivyo mwaka jana, tukamlaumu muuza duka.

#29 Muuza Dawa Kona
Na mimi nimelaumiwa hivyo mara nyingi sana. Nashukuru kusikia, japo nimechelewa.

#30 Mjukuu wa Bwagamoyo
Na upande wa pili, kipimo kikisema HANA. Mama ametembea kilomita tisa, anaambiwa si malaria, anarudishwa na panadoli. Redioni wameimba sana kwamba si kila homa ni malaria, lakini hawakumwambia basi hiyo yake ni nini. Anapitia dukani anachukua mseto. Au anakumbuka ana vitatu kwenye makuti. Ndipo hivyo vitatu vya mwalimu vinapoanzia safari.

#31 Kibuyu Kitupu
Mimi natumia mwarobaini na pakanga, sijaugua tangu 2015.

#32 Nesi Mstaafu
Unakaa ghorofa ya nne Dar es Salaam. Acha utani.

#33 Mluhya wa Busia
Huku kaunti za magharibi kuna wahudumu wa kijijini, wanapima na kutoa dawa hapo hapo bomani, kisha siku ya tatu wanapita kuuliza. Mamangu ni mmoja wao. Anasema siku ya tatu ndiyo siri. Mama akijua kuna mtu atakuja kuhesabu karatasi tupu, anamaliza. Lakini hata yeye dawa zikimwishia anakaa miezi, na wanawake wakiona mkoba wake mtupu wanaacha kumwita hata ukijaa.

#34 Mwalimu Mgeni
Jamani, nimerudi. Samahani kwa kimya, ilikuwa wiki ya mitihani. Nimesoma yote, na jana nilikwenda kwa jirani na vidonge vyake. Nikamuuliza bila kumkemea: mama, kwa nini ulibakiza?

Nilitarajia moja ya majibu yenu. Amepona, hakuna mafuta, alitapika, haiamini dawa. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la pili.

Akasema: "Mwalimu, wewe nyumba yako ni hii. Mimi Desemba naondoka."

Wenyeji mnajua. Kwa wasiojua: huku mpunga hauko karibu na kijiji. Mvua zikianza familia nzima inahamia shamba, wanajenga dungu, wanakaa huko kulima, kupalilia, kuamia ndege, mpaka wavune Juni. Kutoka shambani kwake mpaka zahanati ni saa nne kwa miguu, na mto ukijaa haupitiki. Miaka miwili nyuma mtoto wake wa kike aliugua huko Aprili, mvua inapiga siku tatu. Hakuwa na hata panadoli. Hakuniambia zaidi, na sikuuliza.

Tangu hapo, akasema, kila mtoto akipewa dawa, akishaona ameanza kucheza, anakata kidogo anaweka. "Huyu ameshapata wa kumsaidia. Hivi ni vya yule atakayeugua kule." Ana watoto wanne. Ameshakusanya vidonge 11, kutoka kwa watoto tofauti. Vile vitatu alivyoniletea alivitoa kwenye akiba hiyo, na kwa hesabu zake alinipa kitu kikubwa.

#35 Mama Pacha
Nimesoma nikakaa kimya. Mama yangu alikuwa na kopo la mafuta ya mgando, ndani mna vidonge. Niliamini ni uchoyo.

#36 Nesi Mstaafu
Ninamwelewa na inaniuma, lakini lazima niseme: hivyo 11 havimtibu mtoto yeyote sawasawa. Vimekatwa, vingine huenda ni vya joto la makuti tangu mwaka jana, na mtoto atakayevimeza hatapimwa. Na yule wa kwanza aliyekatiwa, vimelea vimebaki mwilini mwake. Anavibeba kwenda navyo shambani! Huko mbu ndio nyumbani kwao. Anahifadhi dawa na ugonjwa kwa pamoja.

#37 Baba Watatu
Sasa nesi, wewe ungemwambia afanye nini Aprili, mto umejaa?

#38 Nesi Mstaafu
Neti, alale ndani ya neti, hata kwenye dungu inafungika. Na mtoto akianza tu kupata joto asisubiri.

#39 Baba Watatu
Mto umejaa, nesi.

#40 Kliniki Kila Siku
Kituoni kwetu wapo akina mama wanaoomba wazi: nipe pakiti moja nzima ya kwenda nayo shamba. Hatuwezi kumpa dawa mtoto ambaye haumwi, daftari halina mahali pa kuandika hivyo. Kila pakiti lazima iwe na jina na kipimo. Kwa hiyo nikimnyima pakiti nzima, nadhani anaitengeneza mwenyewe, kidonge kidonge. Hili sikuwahi kulifikiria kabla ya #34.

#41 Muuza Dawa Kona
Ile Novemba mwishoni mauzo yangu ya mseto yanapanda kabla hata mbu hawajazidi. Nilidhani ni vumbi na mafua. Wanaokuja ni akina mama wenye majembe mapya.

#42 Tabora Asali
Bado nasimama na langu: angekuwa anaamini kwamba Desemba, Machi, Mei dawa itakuwepo zahanati, asingekata. Ni imani tu, ila si imani kwa kidonge, ni kwa rafu ya dawa.

#43 Mjukuu wa Bwagamoyo
Rafu ikijaa na mto ukijaa, Tabora, inasaidia nini? Nyie huko ni kukavu.

#44 Mlinda Kweleakwelea
Mwalimu, umevirudisha vile vitatu?

#45 Mwalimu Mgeni
Nilivirudisha. Nilikwenda nimejiandaa kumwambia avitupe, nimejifunza mstari kabisa. Alivipokea, akavihesabu, akavikunja kwenye gazeti lile lile, akanishukuru kwa kutovitumia.

Na kuna jambo sijawaambia. Mwaka huu mimi na mke wangu tumekodi ekari mbili, ng'ambo ya mto, jirani na shamba lake. Jana usiku mke wangu alikuwa anaorodhesha vya kubeba. Chumvi, mafuta ya taa, neti mbili, turubai. Kalamu ikasimama. Akaniuliza, "Na dawa ya mtoto tunaweka ipi?"

#46 Kibuyu Kitupu
Ukamjibuje?

#47 Mwalimu Mgeni
Nikamwambia ngoja nirudi kwanza kwenye uzi.

#48 Mlinda Kweleakwelea
Mimi niko kule kule, dungu langu liko kwenye kichuguu kikubwa upande wa kushoto ukishavuka, ndipo mtandao unaposhika. Njoo na betri. Na ukifika mtafute jirani yako kabla hujafunga neti, akuoneshe mto unajaaga kuanzia wapi.